Je, Wajua? Moto wa Makaa Ulizimwaje Uingereza

Je, wajua kuwa Uingereza, iliyotangulia kuwauzia watu umeme wa makaa ya mawe, imekwisha kuachana nao? Kituo cha kwanza, cha kampuni ya Thomas Edison, kilianza kazi Holborn Viaduct, London, mwaka 1882. Cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar karibu na Nottingham, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Tangu miaka ya 1960, treni zilikipelekea makaa ya kuchemshia maji, na mvuke ukazungusha mitambo minne ya kufua umeme, kila mmoja wa megawati 500. Nguvu kubwa hiyo! La kustaajabisha zaidi ni kasi ya mageuzi: mwaka 2012 makaa bado yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi.