Fimbo ikiwekwa chini, binti atasema

Baba akipanda kwenye chimbo, anaweza kukaa huko wiki mbili, tatu, bila kurudi nyumbani. Mama naye anatoka asubuhi kutafuta chakula, shambani ao mpakani. Kwa hiyo mwalimu ndiye mtu mkubwa anayeshinda na watoto wetu siku nyingi. Tunamwachia binti zetu. Je, tunajua anawafundisha nini?

Hapa Bunagana, kama kwingine Kivu ya Kaskazini, watu wanajua maneno « pointi za ngono »: mwalimu anaomba mwili wa msichana ili amuandikie pointi. Sheria iko wazi. Ile ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtu asiyefikisha miaka 18 ni mtoto, na kumbaka mtoto ni kifungo cha miaka 7 mpaka 20. Mkosaji akiwa mwalimu wake, adhabu ya chini inazidishwa mara mbili. Kusema « alikubali » hakumuokoi. Kupatana kwa mbuzi ao kwa makuta kunafunika tu kosa.

Lakini tangu M23 waingie Bunagana tarehe 13 Juni 2022, njia ya kwenda tribinali imekuwa ngumu. Ndiyo maana kuzuia ni bora kuliko kushitaki, na kuzuia kunaanzia darasani.

Majirani zetu wa Uganda walijaribu. Katika wilaya ya Luwero, shirika Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi. Walimu, wanafunzi na wakubwa wa shule waliketi pamoja, wakaandika kanuni zao na kutafuta namna ya kurudi mtoto bila fimbo. Wachunguzi walifuata shule 42. Baada ya miezi 18, katika shule zilizofuata programu, watoto 31 kwa 100 walisema mfanyakazi wa shule aliwatendea jeuri wiki iliyopita. Katika shule zingine walikuwa 49 kwa 100.

Mtu atauliza: fimbo na ubakaji vinaingiliana wapi? Vinaingiliana kwenye woga. Mtoto anayechapwa juu ya kuuliza swali, siku mwalimu atamuita peke yake nyuma ya darasa, hatathubutu kukataa, wala hatathubutu kusema. Mwalimu anayefundisha heshima huku ameshika fimbo anafundisha kunyamaza. Na kijana anayemtazama anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Basi wazazi, kwenye mkutano wa komite tusiulize prime peke yake. Tuulize: mtoto akiteswa, amuambie mwalimu gani? Ni mwalimu mwanamke? Direkta atafanya nini siku hiyo hiyo?

Na ubaya ukitokea, tusimuulize binti alivaa nini. Tumpeleke kwenye kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia ukimwi hazingoji baba arudi kutoka chimbo.