Tofauti ya 'emigrant' na 'immigrant' kwa Kiswahili

BAADHI ya wanahabari na watafsiri wanapokutana na maneno ya Kiingereza 'emigrant' na 'immigrant' huyatupa yote mawili katika kapu moja la 'mhamiaji'. Kosa hili linashangaza kwa sababu Kiswahili kina nyenzo za kuyatenganisha.

Maneno hayo yana shina moja la Kilatini lenye maana ya kuhama. Kiambishi cha mwanzo ndicho kinachoyatofautisha: cha neno la kwanza huashiria kutoka nje, cha la pili huashiria kuingia ndani. Kiswahili hutumia mnyambuliko. Mtu 'huhama' Msumbiji na 'huhamia' Kenya. Kauli ya kutendea ndiyo inayotuelekeza aendako. Kwa hivyo, waliobaki kwao wakimtaja ni 'mhamaji', ilhali huyo huyo, kwa wenyeji waliompokea, ni 'mhamiaji'. Ndiposa idara inayoshughulikia wageni wanaoingia nchini ikaitwa Idara ya Uhamiaji, ingawa ndiyo hiyo hiyo inayowapa pasipoti wanaotoka!

Huenda msomaji akadai kwamba 'mhamaji' ni mfugaji anayefuata malisho. Huyo hasa ni 'mhamahamaji'; uradidi wa shina huonyesha tendo linalorudiwa mara kwa mara. Kumwita 'mhamiaji haramu' eti kwa sababu amevuka mpaka wa kaunti ni kumfanya mgeni katika nchi yake. Kifungu cha 39 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini Kenya.

Tuwatazame Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walihama Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huku Pwani. Wazee hao walikuwa wahamiaji, hilo halina ubishi. Lakini watoto na wajukuu wao waliozaliwa Kwale hawakuhama kokote wala hawakuhamia kokote. Hata hivyo, walihesabiwa kuwa wageni na kuishi bila vitambulisho, hadi walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia. Mwaka uliofuata, serikali iliwatambua rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Si 'mhamaji' wala 'mhamiaji' lililowahi kuwafaa watoto hao.