Neno "Kuliko"

Mhispania alinganishapo vitu viwili, kwa kawaida hutanguliza neno *más*, yaani "zaidi", mbele ya sifa. Kiswahili hakina haja ya kufanya hivyo. Sifa hubaki vile vile, na kazi hufanywa na "kuliko", ambalo kwa asili ni neno la mahali: *ku-li-ko*. Tukisema, "Fahali huyu ni mkubwa kuliko yule," ni kama kumpeleka huyu kule aliko mwenziwe, tukawatazama pamoja. Wengine husema "kupita" au "kushinda". Nayo ni sawa.

Lakini neno hili lina mtego. Tuseme kijana wa Bariadi aandika barua nyumbani: "Masanja awapenda ng'ombe kuliko ndugu yake." Nia yake ni kusema kwamba yule ndugu si hodari wa kuchunga. Ndugu akisomewa barua, huenda akasononeka, akidhani Masanja amemweka chini ya mifugo! Na maneno yaliyoandikwa yamruhusu kudhani hivyo.

Dawa ni kuongeza kitenzi. "Kuliko ndugu yake awapendavyo": hapo *-wa-* ni ng'ombe. "Kuliko ampendavyo ndugu yake": hapo *-m-* ni ndugu mwenyewe.