Jino Liumalo na Mshipa Usiouma

Askari wa kambi ya Makenke, huko Kakiika, akiumwa jino aghalabu hujikaza siku kadhaa kabla ya kulipeleka mjini Mbarara likatazamwe. Ndivyo afanyavyo pia polisi aliye zamu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hatuwalaumu, kazi ya silaha humzoeza mtu kustahimili maumivu. Lakini ugonjwa tuuzungumziao leo hauna maumivu ya kustahimiliwa, na hapo ndipo unapomshinda shujaa.

Mganga wa meno atakapo kuona taya zima hutumia eksirei ambayo mashine yake humzunguka mgonjwa kichwani. Picha hiyo huonyesha meno, mifupa ya taya na sehemu ya shingo. Mwaka 1981 Arthur Friedlander na mwenzake Lande, wa Marekani, waliandika kuwa katika picha za namna hiyo walikuta madoa meupe yasiyohusiana na meno hata kidogo. Yalikuwa chini na nyuma ya pembe ya taya, usawa wa pingili ya tatu na ya nne za shingo. Ilikuwa chokaa iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ubongo. Ganda hilo hujengeka kwa miaka mingi, na shinikizo la damu, sigara na kisukari huliharakisha. Likimeguka na kuziba njia ya damu, kiharusi hufuata.

Si kila doa ni hilo, la hasha. Kifupa kilicho chini ya ulimi, au tezi iliyoshika chokaa, huweza kumdanganya mtazamaji. Wala picha safi si cheti cha afya. Shinikizo hupimwa kwa mkanda ufungwao mkononi; vipimo vya siku mbalimbali vikifika 140 kwa 90 au kupita, hilo ni la juu.

Basi sajini aliyefuata jino akiambiwa akapimwe presha, asidhani mganga amekwepa kazi yake. Huenda akahofia kuondolewa katika kikosi. Hofu hiyo twaielewa, ila kiharusi hakingoji uamuzi wa kamanda.

Naye ambaye tayari anatumia dawa za presha amwambie mganga kabla ya sindano ya ganzi, kwani baadhi ya ganzi huchanganywa na adrenalini. Tena dawa iitwayo nifedipini huweza kuvimbisha fizi. Akiona hivyo asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Amweleze tabibu, ambaye aweza kumbadilishia.