Kisii na Nyamira: Mtoto asomee raha, si mtihani peke yake

Mwulize mtoto wa gredi ya tano ni kitabu gani alichosoma mara ya mwisho bila kuagizwa na mwalimu. Wengi watanyamaza. Si kwamba hawajui kusoma. Hawajazoea kupewa kitabu kisichofuatwa na maswali. Hali hiyo utaikuta katika kaunti za Kisii na Nyamira, na sisi wa Pwani tusiwacheke, kwani yaliyoko kwao yako na kwetu.

Tuanze na chanzo. Tangu 1985 hadi 2023, shule za msingi nchini ziliongozwa na mtihani wa KCPE. Kitabu kikawa chombo cha kutafutia alama. Mzazi akimkuta mwanawe na kitabu cha hadithi humwambia, "Weka hicho, usome!" Kana kwamba hadithi haisomwi. Mtihani wenyewe umeondoka, mazoea yamebaki.

Jambo la pili ni lugha. Mtoto wa Ogembo au Ekerenyo huzungumza Ekegusii nyumbani. Kiswahili na Kiingereza hasa hukutana navyo shuleni. Sera ya elimu inataka lugha ya eneo itumike kufundishia hadi gredi ya tatu. Kuanzia gredi ya nne, karibu kila somo huwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto asiyezoea vitabu hufika akitamka maneno asiyoyaelewa, na si lugha tu itakayomshinda, bali hata hesabu na sayansi.

Tathmini za Uwezo, zilizoanza 2009, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilijibu kwa mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, kwa nia kwamba kila mtoto wa madarasa ya chini awe na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kujua kuogelea ni jambo moja, kuipenda bahari ni jingine.

Je, raha ina faida gani? Shirika la OECD lilichunguza wanafunzi wa miaka 15 wa nchi nyingi mwaka 2000. Waliotoka familia za kazi duni lakini wakapenda sana kusoma walipata alama bora kuliko wa familia za vyeo wasiopenda kusoma. Kwa mkulima mdogo wa majani chai kule Nyamira, au mvuvi wa Kipini, hiyo ni habari njema. Hawezi kumnunulia mwanawe cheo, ila anaweza kumpa mazoea.

Na hadithi za kuanzia zipo. Wagusii wana ngano zao za jioni, kama sisi tulivyo na paukwa pakawa. Christopher Okemwa, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii, amekusanya ngano hizo na kuzichapisha. Bitugi Matundura, mwandishi mwenye asili ya Gusii, aliwaandikia watoto Mkasa wa Shujaa Liyongo. Ni Liyongo wetu huyu huyu, amefika hadi milimani! Basi mtoto wa Keroka na wa Lamu wanaweza kufurahia kitabu kimoja.

Yafanyike nini? Kwanza, mwalimu awasomee watoto kwa sauti dakika kumi na tano kila siku, asiulize swali hata moja. Akomee pale penye utamu, kesho waje wenyewe wakidai.

Pili, kabati lifunguliwe. Shule nyingi hufungia vitabu vya hadithi visije vikachakaa au kupotea. Kitabu kilichochakaa kimesomwa. Kilicho kipya baada ya miaka mitano kimepotea tayari. Mtoto achague mwenyewe na aende nacho nyumbani.

Tatu, mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Amwambie mtoto, "Nisomee," kisha asikilize. Akiweza, naye asimulie ngano kwa lugha yake, mtoto aiandike. Hicho tayari ni kitabu.

Nne, kaunti. Mji wa Kisii una maktaba ya umma, lakini mtoto wa kijiji cha mbali hatoi nauli kila Jumamosi. Sanduku la vitabu linaloweza kuzungushwa kutoka shule hadi shule kila muhula lingemfikia alipo.

Sisi tuna bahati kwamba Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa watoto wetu wengi. Kikwazo cha Ogembo hatuna. Basi tuna udhuru gani? Samaki mkunje angali mbichi. Leo jioni, kabla televisheni haijawashwa, mpe mwanao hadithi moja asome, na usimuulize amejifunza nini.