Viwanja vya Ndege Vyenye Abiria Wengi Duniani na Safari ya Kwenda Dodoma

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba husafiri kila mwaka kwenda Dodoma, Makao Makuu ya Nchi. Wamo Waheshimiwa Wabunge na watumishi wa Serikali, wamo wanaofuata matibabu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, na wamo vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika eneo la Chimwaga, ambalo hapo kabla lilijulikana zaidi kwa mikutano mikuu ya Chama cha Mapinduzi. Tangu ulipoanza mradi wa kiwanja kipya cha ndege cha Msalato, imekuwa ikiulizwa: mji ulio katikati ya nchi kavu, usio na bandari wala watalii wengi, una haja gani na kiwanja kikubwa? Ili swali hilo lijibiwe kwa haki, inafaa kwanza ifahamike ni kitu gani hasa kinachokijaza kiwanja cha ndege.

Jambo la kwanza ni namna abiria wanavyohesabiwa. Hesabu ya kiwanja si hesabu ya watu, bali ni ya kupanda na kushuka. Mwananchi anayeondoka Unguja kwa ndege, akashuka Dar es Salaam na kupanda ndege nyengine hadi Dodoma, huandikwa mara moja Unguja, mara mbili Dar es Salaam kwa kushuka na kupanda, na mara moja Dodoma. Mtu ni mmoja na safari ni moja, lakini vitabu vya viwanja vitatu vinaonesha abiria wanne. Hivyo basi, kiwanja ambacho watu hubadilisha ndege hupata hesabu kubwa kuliko idadi ya wenyeji na wageni wa mji wake.

Kwa kipimo hicho, kiwanja cha Hartsfield-Jackson cha Atlanta, Marekani, ndicho kilichoongoza dunia takriban kila mwaka tangu 1998. Kiliteremka mwaka 2020 tu, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, kikapitwa na Guangzhou cha China. Mwaka 2024 Atlanta kilihudumia abiria takriban milioni 108, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Watanzania wote ni milioni 61.7. Katika Asia, Dubai kilipata abiria milioni 92 mwaka huo huo wa 2024, na Heathrow cha London, katika Ulaya, kilikaribia milioni 84. Guarulhos cha São Paulo, Brazil, na Sydney cha Australia, kila kimoja kilipindukia milioni 40. Katika bara letu la Afrika, Johannesburg kilishika nafasi ya kwanza kwa miaka mingi, na baada ya mwaka 2020 Cairo kikakipita.

Mtu anaweza kudhani kwamba Atlanta ni mji mkubwa kupita yote. Sivyo. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliuhesabia mji wenyewe watu wasiofika laki tano, ingawa pamoja na miji iliyouzunguka wanazidi milioni 6. Jiji la Dodoma, kwa sensa ya mwaka 2022, lina watu 765,179. Kinachoipa Atlanta abiria wake ni kuwa sehemu kubwa ya wakaazi wa Marekani wako ndani ya safari ya saa mbili za ndege kutoka hapo, na kuwa shirika la Delta limepafanya kituo chake kikuu, likapanga ndege zake zifike kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja. Dubai nayo, ambayo wafanyabiashara wa Visiwani wanaifahamu vyema, ilianzisha shirika la Emirates mwaka 1985, ikatumia nafasi yake baina ya Mashariki na Magharibi, na mwaka 2014 ikaipita Heathrow kwa idadi ya abiria wa kimataifa.

Hata hivyo, ukubwa wa jengo peke yake hauleti abiria. Mwaka 1975 mji wa Montréal, Canada, ulifungua kiwanja kikubwa cha Mirabel. Safari nyingi za nje zilihamishiwa huko, na zile za ndani zikabakia katika kiwanja cha zamani cha Dorval. Msafiri aliyetaka kuunganisha safari alilazimika kusafiri kwa barabara kutoka kiwanja kimoja hadi chengine, na Mirabel kilikuwa mbali na mji. Wasafiri wakakikimbia, na mwaka 2004 kikafungwa kwa ndege za abiria. Kosa halikuwa kujenga, bali kuzitenganisha safari zilizopaswa kukutana.

Tukirejea Dodoma, kiwanja cha zamani kimo ndani ya mji na kimezungukwa na nyumba, kwa hiyo nafasi ya kukipanua ni finyu. Aidha, uwanda wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika mahali palipoinuka na penye joto hewa huwa nyepesi, mbawa hupata msaada mdogo na injini hupungukiwa nguvu, na ndege hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi, mji ulioinuka zaidi, inazidi mita 4,000, wakati ya Zanzibar, iliyo karibu sawa na bahari, inatosheka na mita 3,000 hivi. Njia ya Msalato, umbali wa kilomita 12 kutoka mjini, imepangiwa mita 3,600. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 272 mwezi Disemba 2019, na jiwe la msingi liliwekwa mwezi Oktoba 2022.

Mkopo hulipwa, na walipaji ni wananchi. Kwa hivyo manufaa ya Msalato hayatapimwa kwa uzuri wa jengo wala kwa kulinganishwa na Atlanta, bali kwa idadi ya safari zitakazokutana hapo: za kanda ya Ziwa, za Nyanda za Juu Kusini, za pwani na za Visiwani. Tena mshindani yupo, kwani treni ya reli ya kisasa iliyoanza kwenda Dodoma mwezi Julai 2024 humfikisha abiria kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi.

Wananchi wanaosafiri wanakumbushwa kusoma katika tiketi zao jina la kiwanja na la jengo watakaloshukia, na kuacha muda wa kutosha wanapobadilisha ndege Dar es Salaam. Mwanafunzi anayekwenda Chimwaga au mgonjwa mwenye miadi ya daktari hafaidiki na kiwanja kikubwa ikiwa ndege ya pili imeshaondoka.