Tarehe 05/06 ni Mei au Juni? Namna ya kutumia kichagua tarehe kwenye programu za kompyuta

Ukitoka Iringa kwa barabara kuu, ukifika Makambako njia inagawanyika. Moja inaendelea Mbeya hadi mpaka wa Zambia, nyingine inakata kushoto kwenda Njombe mpaka Songea. Dereva mgeni hapotei kwa sababu pale kuna kibao. Sasa angalia tarehe hii: 05/06/2024. Hii nayo ni njia panda, ila kibao hakuna. Mtanzania anasoma tarehe 5 Juni. Mmarekani anasoma tarehe 6 Mei. Na kompyuta je? Kompyuta inasoma kama ilivyopangwa, na nyingi tunazonunua huja zimepangwa Kimarekani.

Makala hii ni kwa wanaojifunza kutengeneza programu za kompyuta ya mezani, hasa kwa C# na Windows Forms. Tutaangalia kifaa kimoja kidogo tu: kichagua tarehe, yaani kile kisanduku chenye kalenda inayoshuka ukikibofya. Kwenye Windows Forms kinaitwa DateTimePicker. Wengi hukiweka kwenye fomu kwa sababu kinapendeza, halafu wanakitumia vibaya. Tuone kwa nini jambo hili si dogo.

Kwa nini tarehe ni suala la afya

Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea mkoani humo wanaishi na VVU, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Maelfu ya watu Njombe na Makambako wanahudhuria kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC. Kila mmoja ana tarehe ya kurudi kuchukua dawa. Kumbukumbu zao kwa miaka mingi zimetunzwa, kliniki nyingi, kwenye kanzidata iitwayo CTC2, iliyojengwa kwa Microsoft Access.

Hebu tutunge mfano. Programu ifuatayo ni ya kufikirika, si ya kliniki yoyote. Mgonjwa amekuja tarehe 7 Machi 2024, amepewa vidonge 90, kimoja kwa siku. Akianza siku hiyo hiyo, kidonge cha mwisho ni cha tarehe 4 Juni. Kwa hiyo anatakiwa kurudi tarehe 5 Juni. Karani anaandika 05/06/2024, programu inaelewa 6 Mei. Ikifika tarehe 7 Mei jina lake linatokea kwenye orodha ya waliokosa miadi. Mhudumu anapiga simu au anamfuata nyumbani, wakati mtu hana kosa na dawa anazo. Kuna watu hawajamwambia hata jirani hali yao, na mgeni wa aina hiyo anaweza kuzua maneno.

Ukigeuza mfano, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Miadi halisi ni 6 Mei, programu imetunza 5 Juni. Mgonjwa hakuja. Programu inakaa kimya siku 30 nzima kwa sababu kwa hesabu yake siku bado. Kwa vigezo vya PEPFAR, mtu asiyeonekana kwa zaidi ya siku 28 baada ya miadi huhesabiwa kuwa matibabu yake yamekatika. Yaani amekatika kabla programu haijashtuka. Na mtu asipokunywa dawa, virusi vinaongezeka tena na usugu wa dawa unaweza kuingia.

Kosa linalojificha

Unaweza kuuliza: si wangegundua mapema? Tatizo ni kwamba kosa hili halitokei kila siku. Chukua Access. Ukiandika tarehe ndani ya swali la SQL katikati ya alama za #, Access inasoma Kimarekani, mwezi kwanza, hata kama Windows yako umeipanga Kitanzania. Kwa hiyo #05/06/2024# ni 6 Mei. Lakini #25/06/2024# je? Mwezi wa 25 haupo, basi Access inageuza yenyewe na kusoma 25 Juni, bila kulalamika.

Matokeo yake ni kwamba kuanzia tarehe 13 mpaka mwisho wa mwezi kila kitu kiko sawa. Ukijaribu programu yako tarehe 20, inafanya kazi vizuri na unaikabidhi. Tufanye hesabu: kila mwezi una siku 12 za mwanzo zinazoweza kugeuzwa. Mara miezi 12, ni siku 144. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 05/05, maana hizo hata zikigeuzwa hazibadiliki. Zinabaki siku 132 kwa mwaka, zaidi ya theluthi moja. Hizo zote zinaweza kutunzwa kimakosa na hakuna ujumbe wowote utakaotokea kwenye skrini.

Sura na thamani

Hapa ndipo kichagua tarehe kinapoingia. Jambo la kuelewa ni moja: kina vitu viwili, sura na thamani. Sura ni kile unachokiona, mfano 05/06/2024. Thamani ni tarehe yenyewe, siku moja halisi kwenye kalenda, isiyo na utata. Sura inaweza kubadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine, thamani inabaki ileile.

Sura unaisoma kwa Text, thamani unaisoma kwa Value. Ukichukua Text, umerudi kwenye herufi na namba, na ile njia panda imerudi nayo. Ni sawa na kuchota maji safi halafu ukayamimina kwenye ndoo chafu. Kwa hiyo:

```
// Usifanye hivi
string sql = "... WHERE Miadi = #" + dtpMiadi.Text + "#";

// Fanya hivi
cmd.CommandText = "SELECT * FROM Wagonjwa WHERE Miadi = ?";
cmd.Parameters.Add("?", OleDbType.Date).Value = dtpMiadi.Value.Date;
```

Kwenye njia ya pili tarehe inasafiri ikiwa tarehe, haigeuzwi kuwa maandishi njiani. Umeona pia nimeongeza .Date mwishoni. Sababu ni kwamba Value hubeba na saa. Fomu ikifunguliwa saa nne na dakika 42 asubuhi, Value inakuwa 5 Juni saa 10:42. Ukiilinganisha na 5 Juni saa 00:00 iliyo kwenye kanzidata, hazilingani, na utashangaa kwa nini orodha iko tupu.

Kama ni lazima tarehe iandikwe kwa maandishi, mfano kwenye faili la kutuma wilayani, tumia mwaka-mwezi-siku: 2024-06-05. Huu ni muundo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa kilichotoka mara ya kwanza 1988. Faida yake nyingine ni kwamba ukipanga mistari kwa alfabeti, tarehe nazo zinajipanga.

Kuipanga sura

Sura nayo ina umuhimu, maana karani anaitegemea. Kwa kawaida DateTimePicker inafuata mpangilio wa eneo uliopo kwenye Windows ya mtumiaji. Kompyuta ya kwanza itaonyesha 05/06, ya pili 06/05, kwa tarehe ileile na kwenye kliniki ileile. Usiache hivyo. Panga mwenyewe:

```
dtpMiadi.Format = DateTimePickerFormat.Custom;
dtpMiadi.CustomFormat = "dd MMM yyyy";
```

MMM tatu zinaandika mwezi kwa jina lililofupishwa, kwa hiyo utata umeisha. Angalia sana herufi kubwa: MM ni mwezi, mm ni dakika. Ukiandika dd/mm/yyyy utapata "mwezi wa 42", na hapo utajua fomu ilifunguliwa dakika ya 42.

Kadi ya mgonjwa ni vizuri ichapwe kwa Kiswahili, pamoja na jina la siku:

```
dtpMiadi.Value.ToString("dddd, d MMMM yyyy", new CultureInfo("sw-KE"));
```

Hapo inatoka "Jumatano, 5 Juni 2024". Jina la siku ni ulinzi wa bure, kwa sababu 6 Mei mwaka huo ilikuwa Jumatatu. Karani akisema kwa mdomo "tuonane Jumatano" na kadi inasema Jumatatu, yeyote kati yao atashtuka palepale.

Mipaka, na tarehe ambayo hakuna aliyeichagua

Miadi haiwezi kuwa jana. Weka mipaka:

```
dtpMiadi.MinDate = DateTime.Today;
dtpMiadi.MaxDate = DateTime.Today.AddDays(190);
dtpMiadi.Value = DateTime.Today.AddDays(90);
```

Mstari wa tatu unampa karani pendekezo tayari, yeye anathibitisha tu. Kwa nini AddDays(90) na si AddMonths(3)? Rudi kwa yule mgonjwa wetu. Miezi mitatu kutoka 7 Machi ni 7 Juni, yaani siku 92. Vidonge viko 90. Tarehe 5 na 6 Juni angekaa bila dawa. Dawa zinahesabiwa kwa siku, basi na programu ihesabu kwa siku. Kliniki ikitaka akiba ya siku chache, punguza namba iwe 85.

Tahadhari: mipaka hii ni ya kuandikia miadi mipya. Ukifungua kumbukumbu ya zamani yenye miadi iliyokwisha pita kwenye fomu hiyo hiyo, Value itagongana na MinDate na programu itatoa hitilafu. Panga mipaka mipana kwanza pale unapoonyesha kumbukumbu za zamani.

Ukiacha mipaka bila kuigusa, utakuta MinDate ni 1 Januari 1753. Kwa nini mwaka huo? Uingereza na makoloni yake walihamia kalenda ya Gregori Septemba 1752, na siku iliyofuata tarehe 2 ikaitwa tarehe 14. Kuanza na 1753 kunaikwepa vurugu hiyo.

Shida kubwa zaidi ni hii: kichagua tarehe hakijui kuwa tupu. Kikifunguliwa tu kinaonyesha leo. Karani akipita bila kukigusa, leo inatunzwa. Ndiyo maana ukikuta kanzidata yenye watu wazima "waliozaliwa" siku ileile walipoandikishwa, usishangae. Dawa yake:

```
dtpKuzaliwa.ShowCheckBox = true;
dtpKuzaliwa.Checked = false;
```

Sasa kuna kiboksi cha tiki pembeni. Wakati wa kutunza, kama Checked ni false, weka DBNull.Value kwenye kanzidata. Na kwa wazee wasiojua tarehe yao ya kuzaliwa, usiwalazimishe. Weka sehemu ya mwaka peke yake na alama ya kuonyesha kwamba ni makadirio. Kubuni 01/01 na kuitunza kama ukweli ni kumsumbua atakayekuja kuchambua takwimu baadaye.

Kliniki ikifungwa wikiendi, DateTimePicker haiwezi kuzima Jumamosi na Jumapili kwenye kalenda yake. Tumia tukio la ValueChanged: tarehe ikibadilika, kagua Value.DayOfWeek, na ikiangukia wikiendi mwonye karani na umpendekezee Ijumaa iliyotangulia. Iwe Ijumaa, maana Jumatatu inayofuata dawa zitakuwa zimeisha.

Na saa je? Mgonjwa akiambiwa "saa mbili asubuhi", kompyuta inataka 08:00. Karani akiandika 02:00, hiyo ni saa nane usiku. Ukihitaji saa, onyesha zote mbili pamoja: "saa 2 asubuhi, 08:00".

Jaribu mwenyewe

Tengeneza fomu yenye kichagua tarehe kimoja na kitufe cha kutunza. Ipange Windows yako kwa eneo la Marekani, chagua 5 Juni, tunza. Kisha irudishe kwa mpangilio wa siku kwanza, funga programu, ifungue tena na usome ulichotunza. Rudia kwa tarehe 6 Mei na 25 Juni. Zote tatu zikirudi kama zilivyoingia, mara zote mbili, hapo unaweza kuipeleka kliniki. Usiijaribu kwa tarehe 20 peke yake ukasema imepita.